Kupooza, Kukakamaa na Kukokota Mguu: Uhakiki wa Istilahi za Matokeo ya Kiharusi

Utangulizi

Kila inapozungumzwa habari ya istilahi za tiba, majina ya maradhi na majina ya dawa ndiyo yanayoshughulikiwa kwanza. Hilo si ajabu, maana jina la ugonjwa ndilo linaloandikwa katika cheti na ndilo linalotangazwa redioni. Lakini yako maradhi ambayo kazi yake kubwa huanza baada ya hatari ya kwanza kupita, na kiharusi ni mojawapo. Mgonjwa aliyenusurika hurudi nyumbani na mguu usiomtii, na toka siku hiyo anayemuuguza si daktari tena bali ni mke, mume, mwana au jirani. Watu hao huongozwa na maneno waliyoambiwa wodini na yale yaliyomo katika karatasi waliyopewa. Maneno hayo yakiwa na utata, mkono unaouguza nao utatatizika.

Ukubwa wa jambo hili hauna shaka. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, watu wapya waliopatwa na kiharusi kila mwaka walikuwa 108.6 katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Nyuma ya kila tarakimu hiyo ipo nyumba yenye watu wanaohitaji kuelezwa, kwa Kiswahili wanachokielewa, mguu wa mzee wao una nini.

Makala haya hayakusudii kufundisha tiba. Yanakusudia kuhakiki maneno tunayoyatumia kueleza misuli na mwendo wa mtu baada ya kiharusi. Hoja yake ni hii: neno "kupooza", jinsi linavyotumika, hufunika hali mbili zilizo kinyume, na hatutaweza kuzitenganisha hali hizo kabla ya kuyapanga vizuri maneno mengine yanayolizunguka, hasa "mshipa" na "mguu".

1. Kitu kabla ya neno

Mwanaistilahi hana budi kukijua kitu kabla ya kulihukumu neno. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba na sehemu ya ubongo ikakosa damu, au mshipa unapopasuka na damu ikamwagika. Nyuzi zinazochukua amri za mwendo kutoka ubongoni huvuka kwenda upande wa pili mahali ubongo unapokaribia kuungana na uti wa mgongo. Kwa hiyo mtu aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo hudhoofika mkono na mguu wa kulia.

Siku za mwanzo mguu aghalabu huwa mlegevu. Ukiuinua na kuuachia, huanguka kama kamba iliyolowa. Daktari akigonga chini ya goti kwa nyundo yake ndogo, mguu hautikisiki, au hutikisika kidogo tu. Baada ya siku au majuma kadhaa, kwa wagonjwa wengi ingawa si wote, hali hugeuka. Misuli huanza kukaza. Goti likigongwa mguu huruka kuliko kawaida. Mkono hujikunja kuelekea kifuani, mguu hunyooka kama mti, na wayo huelekea chini na kupinda ndani. Pengine wayo ukisukumwa juu kwa ghafla huanza kupiga-piga wenyewe, mara nyingi kwa mfululizo.

Sababu yake ni kwamba mgongoni mna njia fupi za kujibu ambazo hazingoji amri ya ubongo. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo huzituliza njia hizo. Utulizaji huo ukikatika, njia fupi hubaki zikijibu kupita kiasi. Katika hali ya kwanza, basi, msuli umepungukiwa. Katika hali ya pili umezidiwa. Nguvu ya hiari inaweza kuwa ndogo katika hali zote mbili, na hapo ndipo lugha yetu inapoteleza.

2. "Kupooza" na "ukakamavu"

Kwa Kiswahili cha kila siku hali zote hizo mbili huitwa kupooza. Neno hili lina sifa nzuri ya kufahamika kila mahali. Hata hivyo maana yake ya asili ni ya kuzimika: mmea uliopooza umenyauka, na biashara iliyopooza haina wateja. Anayesikia kwamba mguu umepooza hufahamu kwamba mguu umekufa ganzi, umelala, hauna kitu ndani yake. Picha hiyo inaifaa hali ya kwanza. Kwa hali ya pili, picha hiyo ni ya uongo.

Tuchukue sentensi ya kawaida ya maelekezo: "Mguu umepooza, hivyo unyooshwe kila siku." Muuguzaji aliyeambiwa kwamba mguu umelala ataushika na kuuvuta kwa haraka, kama mtu anayemwamsha aliyesinzia. Lakini msuli uliozidiwa, kadiri unavyovutwa kwa kasi ndivyo unavyozidi kupinga. Uvutwe polepole, nao hulegea. Neno "polepole", ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote katika maelekezo hayo, muuguzaji haoni sababu yake, maana "kupooza" hakumpi sababu hiyo. Tena wayo ukianza kupiga-piga wenyewe kitandani, watu wa nyumbani watasema nini? Mguu uliokufa unachezaje? Utafiti mmoja uliolinganisha fikra za watu kuhusu kiharusi ulikuta kwamba jijini Dar es Salaam wengi walikitaja kuwa kazi ya mashetani na uchawi, hali wilayani Hai wengi walitaja sababu za kimaumbile kama shinikizo la damu. Imani hizo hazikuletwa na istilahi, wala istilahi peke yake haiwezi kuziondoa. Lakini neno linalokanushwa na macho ya msikilizaji huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na maelezo mengine.

Waandishi walioiona shida hii wamejaribu kusema "ukakamavu wa misuli". Nia yao ni njema, ila jaribio lenyewe halikufaulu. Kitenzi "kukakamaa" hubeba maana ya kukauka na kuwa kigumu, lakini jina "ukakamavu" limekwisha kwenda njia nyingine: kijana mkakamavu ni yule shupavu asiyechoka, na gwaride la kikakamavu ndilo linalopigiwa makofi. Mtu akiandikiwa kwamba mguu wake una ukakamavu atadhani amesifiwa.

Zaidi ya hayo, ugumu wa kiungo una namna zake. Mwaka 1980 mtaalamu James Lance alitoa maelezo ya hali hii ambayo bado yanarejewa: kwamba ni ongezeko la mkazo wa msuli linalotegemea kasi ya kuvutwa, linaloandamana na kugutuka kwa kano kulikozidi. Kiini chake ni kasi. Kwa kufuata kiini hicho tunaweza kutenganisha namna tatu kwa jaribio moja ambalo hata mtu asiye mganga ataliona kwa macho yake. Kunja na kunyosha kiungo kwanza polepole, kisha haraka. Kikikubali polepole na kupinga haraka, hiyo ni namna ya kwanza. Kikipinga sawasawa kwa mwendo wowote, kama ilivyo kwa wagonjwa wa Parkinson, hiyo ni ya pili. Kikigota mahali pale pale kila mara kwa sababu msuli na nyama zilizouzunguka zimefupika, hiyo ni ya tatu.

Kwa namna ya kwanza napendekeza "mkinzo", kutokana na kitenzi "kukinza", maana msuli unamkinza anayeuvuta. Fizikia imekwisha kuchukua "ukinzani" kwa mambo ya umeme, basi umbo la "mkinzo" litatuepusha na mgongano. Kwa namna ya pili "mkakamao" latosha, nalo halina sifa ya ushujaa. Kwa namna ya tatu tuseme "mfupiko". Hali ya kawaida ya msuli uliotulia lakini haukulegea kabisa iitwe "mkazo", na upungufu wake uitwe "ulegevu". "Kupooza" kwenyewe kusifukuzwe. Kubaki na maana moja tu: kukosa nguvu ya hiari. Hapo itawezekana kusema bila kujipinga kwamba mguu umepooza na una mkinzo, au umepooza na una ulegevu. Kipimo cha Ashworth cha mwaka 1964, chenye daraja kutoka 0 hadi 4, hupima mkinzo na wala hakipimi kupooza. Mguu wa daraja 0 na ule wa daraja 4 waweza kuwa umepooza wote wawili. Asiyekuwa na maneno mawili hataweza kukieleza kipimo hicho kwa Kiswahili.

3. "Mshipa", neno lenye mzigo mkubwa mno

Hakuna neno la mwili lililobebeshwa kazi nyingi kuliko "mshipa". Njia ya damu ni mshipa. Njia ya fahamu ni mshipa. Kamba inayounga msuli na mfupa ni mshipa. Msuli unaokaza usiku nao "mshipa umenishika". Na ngiri kwa watu wengi ni "ugonjwa wa mshipa". Katika mazungumzo ya kila siku utata huu haudhuru, kwa kuwa mtu huonyesha kwa kidole mahali panapomuuma. Katika maandishi hakuna kidole.

Tazama jinsi muuguzaji anavyoweza kukata shauri. Ameambiwa kwamba kiharusi kimetokana na mshipa ulioziba. Anashika shavu la mguu wa mgonjwa na kuona mshipa umekaza kama ugwe wa ngoma. Basi, kwa akili yake timamu, anaona kwamba huu ndio ule ulioziba, na dawa yake ni kuukanda kwa nguvu mpaka uzibuke. Hitimisho lake ni la haki kabisa kwa maneno tuliyompa. Aliyekosea ni aliyeandika.

Tiba ya utata huu haihitaji kubuni neno hata moja. "Mshipa" ubakiwe na damu. Njia za fahamu ziitwe "neva", neno ambalo limekwisha kuzoeleka shuleni; "mshipa wa fahamu", ijapokuwa ni zuri masikioni, hurudisha utata mlangoni kila linapofupishwa. Kamba ya kuunga msuli na mfupa iitwe "kano", neno la zamani ambalo kila anayechinja analifahamu. Kadhalika "uti wa mgongo" hutumika kwa mifupa na kwa kitu laini kilichomo ndani ya mifupa hiyo. Kitu hicho cha ndani napendelea kiitwe "ugwe wa mgongo", ili njia fupi tulizozitaja zipate makao yanayojulikana.

4. Jina la kugutuka kwa goti

Sasa twaweza kuligeukia neno gumu kuliko yote. Kano iliyo chini ya goti ikigongwa, msuli wa mbele wa paja huvutwa kidogo. Habari ya kuvutwa huko hupita katika neva hadi kwenye ugwe wa mgongo, na hapo hapo amri hurudi kwa msuli huo huo ujikaze. Mguu huruka. Ubongo hupata habari baadaye.

Inafaa tukumbuke kwamba hata Ulaya jambo hili lilizaliwa na majina mawili. Mwaka 1875 Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa upande wake, walitangaza habari za kugutuka kwa goti katika jarida moja la Kijerumani. Erb alilipa jina linalotaja kano na kitendo cha kurejeshwa, kwa kuwa aliamini kwamba habari hupita mgongoni na kurudi. Westphal hakuamini hivyo, akaliita tu "tukio la goti". Jina la Westphal lilieleza kinachoonekana. Jina la Erb lilieleza sababu, na sababu hiyo baadaye ilithibitika. Funzo kwetu ni kwamba twahitaji majina ya aina zote mbili, wala tusiyachanganye.

Kwa Kiswahili njia tatu zimependekezwa mara kwa mara katika mazungumzo ya kazi hii. Ya kwanza ni "kitendo kisicho cha hiari". Huo ni ufafanuzi uliovaa nguo za istilahi, tena ni mpana kupita kiasi, maana moyo nao hupiga bila hiari. Ya pili ni kulitumia neno "akisi". Ni kweli kwamba neno la Kizungu lilitokana na picha ya mwanga unaorudishwa, lakini kwa msomaji wetu "akisi" ni kioo na taswira. Atatafuta sura yake gotini asiione. Ya tatu ni kukopa na kusema "refleksi". Njia hii haina kosa la kimaana, ila neno hilo halimwambii kitu muuguzaji tuliyemkusudia.

Napendekeza "mwitiko wa papo" kuwa jina la jumla. Msingi wake ni kitenzi "kuitika". Mtoto aliyelelewa vyema akiitwa husema "Abee!" au "Naam!" kabla hajajua anaitiwa nini, mdomo umekwisha kujibu, akili bado iko mchezoni. Hivyo ndivyo msuli unavyofanya. Jina hili hukubali pia vielezi tunavyovihitaji: mwitiko waweza kuwa wa kawaida, uliopungua, uliozidi, au uliotoweka. Kwa tukio lenyewe la goti, linaloonekana kwa macho, tuseme "mfyatuko wa goti", maana mguu huondoka kama mtego uliofyatuka. Na kule kupiga-piga kwa wayo kuitwe "mdundo wa wayo", kwa kuwa kila kuvutwa huzaa mkazo na kila mkazo huzaa kuvutwa kwingine, kama mpira unaodunda. Haifai hata kidogo kukuita kutetemeka, sembuse degedege.

Alama aliyoieleza Joseph Babinski huko Paris mwaka 1896, ya kidole gumba cha mguu kuinuka pale wayo unapokwaruzwa, iendelee kuitwa kwa jina lake. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida. Kwa mtu mzima huonyesha kwamba njia ya kutoka ubongoni imeumia. Tuiite "alama" kwa kuwa mganga ndiye anayeitafuta. "Dalili" tuiachie ile ambayo mgonjwa mwenyewe huisikia.

5. Maneno ya mwendo

Katika mwendo Kiswahili ni tajiri, nasi tumeutumia utajiri huo kidogo mno. Maandishi mengi hutosheka na "anatembea kwa shida". Lakini msemaji wa kawaida hutofautisha kuchechemea na kuchopea, kukokota mguu na kupepesuka, kuyumba na kusota. Tofauti hizo ni habari za kitabibu. Anayekokota mguu na anayepepesuka hawana tatizo moja.

Mwendo unaotambulisha wengi waliopata kiharusi ni ule wa mguu ulionyooka kama mti. Kwa kuwa goti halikunjiki vya kutosha na wayo umeelekea chini, mgonjwa huuzungusha mguu kwa nje, nusu duara, kisha huutua mbele. Wafaransa huulinganisha mwendo huu na ukataji wa majani kwa mundu mrefu. Sisi tunalo fyekeo, na hakuna aliyepita shule ya msingi asiyejua linavyozungushwa. "Mwendo wa fyekeo" utafahamika bila kufundishwa.

Utata ulio mbaya zaidi umo katika neno "mguu", ambalo huanzia nyongani na kuishia kwenye vidole. "Inua mguu," huambiwa mgonjwa anayejifunza kutembea. Anayetoa amri anataka vidole vielekee juu ili visikwame sakafuni. Anayepokea anainua nyonga na paja, na kwa kufanya hivyo anazidisha ule mwendo wa fyekeo anaotakiwa kuuacha. Basi tuwe na desturi ya kutaja kiungo chenyewe: nyonga, paja, goti, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo. "Inua wayo, kisigino kibaki chini" ni amri isiyo na njia mbili.

Hata wayo unaoburura vidole una sababu mbili. Yawezekana misuli ya mbele ya muundi haina nguvu ya kuuinua. Huo tuuite "wayo mlegevu". Yawezekana misuli ya shavu la mguu inauvuta chini kwa mkinzo. Huo tuuite "wayo uliovutwa". Kifaa cha kushikilia kifundo chaweza kuwafaa wote wawili, lakini mazoezi yao si mamoja, na sababu zote mbili zaweza kukutana kwa mtu mmoja.

6. Kukopa au kutokukopa

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini tunaipokea "neva" na kuikataa "refleksi". Kanuni ninayoifuata ni rahisi. Kitu kisichoonekana ila kwa darubini au kwa kisu cha mpasuaji, na ambacho watu hawakuwa na haja ya kukitenga zamani, hakipotezi kitu kikipewa jina la kukopa. Kitu kinachoonekana nyumbani kila siku, ambacho muuguzaji atakishika kwa mikono yake, kipewe jina linalomwambia la kufanya. Kwa sababu hiyo "sinapsi", yaani kiungo cha neva na neva, ikopwe bila wasiwasi.

Neno hilo la sinapsi lina kisa chenye mafunzo. Charles Sherrington alipolihitaji, mwaka 1897, alikuwa na neno lake jingine mkononi. Neno tulilonalo leo lilitokana na ushauri wa mtaalamu wa Kigiriki wa Cambridge aliyeitwa Verrall. Mwanasayansi aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932 hakuona haya kumwendea mtu wa lugha. Nasi watu wa lugha tusione haya kwenda kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, tukasikiliza amri zinavyotolewa na zinavyoeleweka.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kupooza: kukosa nguvu ya hiari katika kiungo, bila kujali kama kimelegea au kimekaza.
Mkazo: hali ya kawaida ya msuli uliotulia.
Ulegevu: upungufu wa mkazo.
Mkinzo: kuzidi kwa mkazo kunakotegemea kasi ya kuvutwa.
Mkakamao: ugumu ulio sawa kwa kasi yoyote.
Mfupiko: kufupika kwa msuli na nyama zilizouzunguka.
Mwitiko wa papo: jibu la msuli lisilongoja amri ya ubongo.
Mfyatuko wa goti: mwitiko wa papo unaoonekana kano ya goti inapogongwa.
Mdundo wa wayo: kupiga-piga kwa wayo kwa mfululizo unaposukumwa juu kwa ghafla.
Ugwe wa mgongo: sehemu laini iliyomo ndani ya uti wa mgongo.
Wayo mlegevu, wayo uliovutwa: namna mbili za wayo unaoburura vidole.
Mwendo wa fyekeo: mwendo wa kuzungusha mguu kwa nje.

Mapendekezo haya si sheria. Mengine huenda yakakataliwa na masikio ya wasemaji, nayo masikio hayo ndiyo mahakama ya mwisho. Waganga, wauguzi, walimu wa mazoezi ya viungo na wale wanaouguza majumbani wanaombwa wayajaribu na kuleta maoni yao. Kipimo cha kila moja kiwe hiki: je, aliyelisikia atajua aushike mguu wa mgonjwa kwa namna gani, na aunyoshe kwa kasi gani? Neno litakaloshindwa kumwambia hayo tulitafutie badala yake.